Tiba ya Kikundi Katika Kambi za Gulu, 2005: Kilichowainua Wasichana na Kilichowapita Wavulana

Kati ya Mei na Desemba 2005, vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17, waliokuwa wakiishi katika kambi 2 za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Vijana 105 walipewa tiba ya kikundi inayoshughulikia uhusiano wa mtu na watu wake wa karibu. Wengine 105 walipewa shughuli za michezo na sanaa. Na 104 waliobaki waliandikwa katika orodha ya kusubiri, kwa ahadi kwamba tiba itakayoonekana kufaa wataipata baadaye. Wote walikuwa wamekutwa na dalili nzito za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha. Matokeo ya jaribio hilo, lililofanywa na Paul Bolton na wenzake, yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, na tangu hapo yanatajwa mara kwa mara panapozungumzwa tiba ya kikundi kwa vijana wa Afrika.

Yanatajwa, lakini aghalabu kwa sentensi moja tu: kwamba tiba ya kikundi ilifaa. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila imeacha nje sehemu kubwa ya kisa, tena sehemu ambayo mtu anayeketi na vijana kila wiki anaihitaji zaidi. Iliwafaa akina nani? Ilifaa kwa jambo gani, na jambo gani halikuguswa? Na kwa nini michezo, ambayo nayo iliwakusanya vijana pamoja kwa wiki nyingi chini ya watu wazima waliowajali, haikupunguza sonona hata kidogo? Nakichambua kisa hiki kwa sababu naamini swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na kwa sababu mengi yanayoitwa tiba ya kikundi mashuleni na kwenye vituo vya vijana ni mkusanyiko mzuri usio na kazi maalumu ndani yake.

Ni lazima kwanza kuyaona mazingira, maana maradhi ya vijana hawa hayakuanzia vichwani mwao. Vita vya kundi la waasi la Lord's Resistance Army la Joseph Kony vilikuwa vimedumu karibu miaka 20. Kuanzia mwaka 1996 serikali iliwaamuru wananchi wa Acholi, eneo la kaskazini ulimo mji wa Gulu, kuacha vijiji vyao na kuhamia katika kambi zilizoitwa vijiji vya ulinzi, na kufikia 2005 waliong'olewa makwao kaskazini mwa Uganda walizidi milioni 1.5. Watoto waliotekwa katika vita hivyo wanakadiriwa kuzidi 20,000. Kwa miaka kadhaa maelfu ya watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini na kambini kwenda kulala mjini Gulu, kwenye baraza za maduka na katika viwanja vya hospitali na makanisa, kisha asubuhi wakarudi. Mwaka huohuo wa 2005, utafiti wa Wizara ya Afya ya Uganda pamoja na Shirika la Afya Duniani katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader ulikadiria kwamba vifo vilizidi kiwango cha kawaida kwa takriban watu 1,000 kila wiki. Mwezi Oktoba, wakati jaribio likiendelea, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliweka hadharani hati za kumkamata Kony na makamanda wake wanne. Kwa hiyo hili lilikuwa jaribio lililofanyika ndani ya vita, na kila matokeo yake lazima yasomwe kwa kukumbuka hivyo.

Kuna hasara moja ya kambi ambayo haikuhesabika kwa tarakimu, nayo inahusu moja kwa moja habari ya kikundi. Waacholi walikuwa na wang oo, moto wa jioni uani, ambapo wazee na vijana walikaa, hadithi zikasimuliwa, tabia zikarekebishwa, na mtoto mwenye jambo zito akaonekana na watu wazima kabla jambo hilo halijaota mizizi. Kambini vibanda vilibanana, kutoka usiku kulikatazwa, kuni zilikuwa haba, na ukoo mmoja ulitawanyika. Moto ule ukazimika. Kijana wa miaka 15 mwaka 2005 huenda hakuwahi kuuona kabisa, na kwa hiyo alikuwa amekua bila mahali palipokubalika pa kusemea moyo wake.

Kijana wa namna hii yuko katika hatari gani? Shirika la Afya Duniani husisitiza kwamba theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Sonona inayoanza wakati wa balehe ina tabia ya kurudi ukubwani, na kila inaporudi humkuta mtu akiwa na akiba ndogo zaidi ya marafiki, masomo na matumaini. Si kila kijana mwenye huzuni atafikia ugonjwa mzito, na ni kosa kuwatisha wazazi kwa kusema hivyo. Lakini pale ambapo huzuni imekaa zaidi ya mwezi, imemwondolea kijana usingizi na hamu ya chakula, imemfanya aache kazi za nyumbani na kuwakwepa wenzake, na hakuna mtu mzima aliyesalia wa kumshika mkono, hapo hatari si ya kubuni. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Butabika, iko Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka Gulu. Kumsubiri daktari bingwa kwa kila kijana kungekuwa sawa na kutofanya lolote.

Kabla ya kutibu, watafiti walifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililobeba kila kilichofuata. Waliwauliza watu wa kambini wenyewe. Vijana na walezi wao waliombwa kutaja matatizo yanayowasumbua vijana wa mahali pale, kisha watu waliotambuliwa na jamii kuwa wanayajua matatizo hayo wakaombwa kuyaeleza kwa kina. Yalipatikana majina ya Kiacholi yaliyokuwa yakitumika siku zote: two tam, par na kumu, ambayo kwa pamoja yanakaribia kile ambacho vitabu vya tiba vinakiita sonona, ma lwor, lenye sura ya hofu na wasiwasi, na kwo maraca, yaani mwenendo mbaya. Dodoso la kupimia dalili lilitungwa kutokana na maneno hayo, si kwa kutafsiri dodoso la Marekani.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa haraka kwa nini jambo hili lina uzito. Two tam maana yake ni ugonjwa wa mawazo. Nasi husema fulani "ana mawazo", na kila mtu anajua kwamba hatumsifu kwa kufikiri. Husema ameshika tama, na mkono ule shavuni unaeleza hali ambayo neno "sonona" au "mfadhaiko" likitamkwa zahanati huweza kumpita mgonjwa bila kumgusa. Mama akiambiwa kwamba binti yake ana dalili za ugonjwa wenye jina asilolijua, huenda akanyamaza kwa adabu na asirudi tena. Akiulizwa kama mtoto anawaza sana, analala, anajitenga, analia akiwa peke yake, atajibu mwenyewe, na katika kujibu atakuwa ameanza kutibu. Kwa vijana wa Gulu, kuambiwa kwamba kile kinachowasumbua kina jina, kwamba ni maradhi wala si ulegevu wa roho au laana, na kwamba kina tiba, kulikuwa sehemu ya tiba tangu siku ya kwanza.

Tiba yenyewe haikubuniwa kambini. Ilianza Marekani miaka ya 1970 kwa kazi ya Gerald Klerman na Myrna Weissman, na wazo lake la msingi ni jepesi kueleza: sonona, hata iwe na mizizi gani mwilini, huzuka na hukua ndani ya uhusiano wa mtu na watu wake, na uhusiano huo ukirekebishwa, sonona hulegea. Wanaoitumia hutafuta chanzo katika milango minne, ambayo ni msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Uganda ilikuwa imeshaijua. Mwaka 2002 ilijaribiwa kwa watu wazima katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo lililoumizwa vibaya na UKIMWI, na matokeo yaliyotolewa 2003 yalikuwa ya kushangaza: waliotimiza vigezo vya sonona katika vikundi vya tiba walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, ilhali katika vijiji vya kulinganishia walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Wakufunzi Helen Verdeli na Kathleen Clougherty, waliotokea New York, ndio walioifanyia marekebisho na kuwafundisha wenyeji, na ndio waliofanya hivyo tena kwa ajili ya vijana wa Gulu.

Waliofundishwa hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wanaozungumza Kiacholi, waliofanya kazi chini ya shirika la World Vision, wakasimamiwa kwa karibu muda wote wa kazi. Kila kikundi kilikuwa na vijana wachache, 6 hadi 8, wasichana peke yao na wavulana peke yao, wakiongozwa na mtu wa jinsia yao. Walikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu hadi mbili, kwa wiki 16. Kabla ya kikao cha kwanza kila kijana alionana na mwezeshaji faraghani, na katika mazungumzo hayo walitafuta pamoja ni lini mawazo yalianza, ni nini kilichotokea wakati huo, ni mlango upi kati ya ile minne unaohusika, na ni nini kijana anataka kibadilike. Nasisitiza kikao hiki cha awali kwa kuwa ndicho kinachoachwa kwa urahisi pale watu wanapoiga tiba hii kwa haraka. Bila hicho, kijana huingia kikundini akiwa na maumivu tu. Nacho, huingia akiwa na kazi.

Tuchukue mfano wa kufikirika, ili kazi hiyo ionekane. Msichana wa miaka 16 amefiwa na mama yake na sasa anaishi katika kibanda cha shangazi mwenye watoto watano. Tangu msiba halali vizuri. Haendi tena kukutana na marafiki zake kisimani. Shangazi anamwita mvivu, naye hujibu kwa kununa, kisha hulia usiku akihofu kwamba atafukuzwa. Kikao hakianzi kwa kumwuliza habari za utoto wake, wala kwa kumshauri avumilie. Mwezeshaji huuliza: wiki hii mawazo yalikuwaje, na siku yalipozidi ni nini kilikuwa kimetokea? Msichana husema Jumatano ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Nini kilitokea Jumatano? Palikuwa na maneno juu ya maji. Shangazi alisemaje hasa, nawe ulijibuje hasa? Wenzake wanasikiliza. Mmoja anasema nyumbani kwake yalitokea yaleyale, akajifunza kungoja mpaka mama mlezi amalize kupika ndipo aongee. Mwingine anamwuliza kama shangazi anajua kwamba yeye halali. Hajui, hajaambiwa kamwe. Ndipo wanaigiza, mmoja akiwa shangazi: "Shangazi, najua umebeba mengi. Tangu mama afariki usiku silali, ndiyo maana asubuhi nachelewa. Naomba maji niyateke jioni." Maneno hayo hurudiwa mara mbili, mara tatu, mpaka yatoke bila kisirani na bila woga. Wiki inayofuata kikundi kinataka kujua: ulisema? Ikawaje?

Hapo ndipo penye siri ya kikundi, kama ipo siri. Mnasihi peke yake na kijana angeweza kutafuta maneno ya kumwambia shangazi, lakini asingeweza kuwa ushahidi kwamba maneno hayo yamewahi kufanya kazi katika kibanda kingine cha kambi ileile. Kijana mwenye sonona huwa haamini wakubwa wanaosema mambo yatakuwa sawa. Humwamini aliyekuwa chini wiki tatu zilizopita na leo ameinuka kidogo. Na yule anayesaidia naye hupona kwa kusaidia, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu mambo yalipoharibika kuna mtu aliyemhitaji. Mambo haya hayatokei kwa kukaa duara tu. Hutokea kwa sababu kila wiki kikundi kinarudi kwenye uzi mmoja: dalili za wiki, tukio la wiki, hatua ya wiki.

Nayasema haya kwa uthabiti kwa sababu ya fungu la pili la jaribio. Shirika la War Child Holland liliendesha michezo ya ubunifu katika makundi makubwa zaidi: michezo, muziki, uchoraji na mengineyo, yote yakilenga kumjenga kijana, kumpa wenzake na kumrudishia furaha. Hii si kazi duni, wala haikufanywa kwa uzembe. Mtu yeyote mwenye huruma akitazama kambi ile angesema watoto wale wanahitaji kucheza kabla ya kitu kingine chochote. Lakini dalili za sonona zilipopimwa mwishoni, wacheza michezo hawakutofautiana na waliosubiri. Alama zao za dodoso zilitofautiana kwa pointi 2.51, tena kuelekea upande usiowapendelea, na tofauti hiyo haikuwa na uzito wa kitakwimu, yaani ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kwa waliopata tiba ya kikundi, sonona ilipungua kwa pointi 9.79 zaidi ya waliosubiri, na makadirio yenye uhakika wa asilimia 95 yaliiweka tofauti hiyo kati ya 1.66 na 17.93.

Tusiitumie habari hii kuwafungia vijana mipira. Michezo ina thamani yake kwa mtoto, na jaribio hili halikupima yote ambayo mchezo huweza kuleta. Linachosema ni jambo finyu lakini zito: kwa kijana ambaye tayari ameingia kwenye sonona, kampani njema na shughuli njema havitoshi. Anahitaji mtu wa kumfikisha hadi kwenye lile jambo lililomwangusha, na wenzake wa kulishika naye. Klabu ya vijana ya Jumamosi isijiite tiba kwa sababu tu watoto wanarudi nyumbani wakiwa wachangamfu, na wafadhili wasihesabu mahudhurio kama kupona.

Sasa tuwageukie wavulana, ambako wengi hupita mbio. Matokeo yalipotenganishwa kwa jinsia, wasichana waliopata tiba walipungukiwa na sonona kwa pointi 12.61 zaidi ya wasichana waliosubiri, na tofauti hiyo ilikuwa ya uhakika. Kwa wavulana ilikuwa pointi 5.72, na makadirio yake yalianzia 1.86 chini ya sifuri hadi 13.30 juu yake. Kwa lugha ya takwimu, hatuwezi kusema tiba iliwasaidia wavulana. Lakini kwa lugha hiyohiyo hatuwezi pia kusema haikuwasaidia, kwa kuwa makadirio hayo yana nafasi ya faida kubwa ndani yake, na yanaingiliana na yale ya wasichana. Kusoma namba hizi na kuhitimisha kwamba tiba ya maneno ni ya wasichana ni kuzilazimisha namba ziseme kisichomo.

Hata hivyo pengo hilo linadai maelezo, na maelezo yanayonikaa ni haya. Tiba hii inamtaka kijana aseme mbele ya wenzake kwamba yuko mtu ambaye yeye anamhitaji, kwamba ameumia, kwamba anaogopa. Mvulana wa miaka 16 kambini alikuwa amefundishwa kinyume chake tangu alipoweza kutembea. Nasi tunayajua mafunzo hayo kwa lugha yetu: jikaze, mwanamume halii. Kwa baadhi yao kulikuwa na mzigo wa ziada, kwani waliotekwa na waasi na kulazimishwa kubeba silaha walirudi wakiwa na mambo ambayo kuyataja mbele ya jirani kungeweza kuwaletea chuki au kisasi. Waacholi walikuwa na desturi zao za kumpokea anayerudi, kama nyono tong gweno, kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani, lakini kuingia nyumbani ni jambo moja, na kusimulia ni jambo jingine. Tena huzuni ya mvulana mara nyingi haishiki tama. Huja kama hasira, ugomvi, pombe, ukaidi, na dodoso linalouliza habari za machozi na kukosa usingizi laweza kumkosa mwanzoni na kumkosa tena mwishoni.

Je, vikundi vya wavulana vingepaswa kuendeshwa vipi? Hapa naeleza maoni yangu ya kazi, si matokeo ya jaribio. Ningerefusha kipindi cha mwanzo, kwa kuwa kuaminiana kwao huchelewa. Ningeanza na mlango wa mabadiliko ya maisha, si mlango wa msiba: ulikuwa nani shambani kwa baba, sasa wewe ni nani kambini, na ni jukumu gani la kiume ambalo bado unaweza kulitimiza hapa? Swali hilo halimvui mvulana heshima yake, na kwa njia hiyo hufika palepale penye msiba bila kuamriwa alie. Ningeweka kazi ya mikono kando ya mazungumzo, kwa sababu wavulana wengi husema wakiwa wametazama kitu kingine. Hilo lingekuwa mahali halali pa kurudisha kitu kutoka upande wa michezo: mchezo kama kitanda cha kulalia maneno, maneno yakibaki kuwa ndiyo kazi.

Mambo mengine matatu yalipimwa, na yote hayakubadilika. Wasiwasi haukupungua kwa namna ya kuhesabika katika kundi lolote, mwenendo haukubadilika, wala uwezo wa kutimiza shughuli za kila siku haukuongezeka. Kuhusu wasiwasi sioni ajabu. Tiba haikulengwa kwake, na hofu ya kijana aliyekuwa na sababu ya kuogopa usiku haikuwa ugonjwa wa kuondolewa kwa mazungumzo. La shughuli za kila siku linanisumbua zaidi, kwa kuwa wazazi hutuletea mtoto kwa sababu ameacha kufanya kazi na kusoma, mara chache kwa sababu ana huzuni. Pengine wiki 16 ni chache mno kwa mabadiliko ya moyo kufika mikononi. Pengine pia mikono ile haikuwa na pa kwenda: ardhi ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa usalama, chakula kiligawiwa na mashirika, shule zilifurika. Msichana aliyeinuka kutoka kwenye sonona aliinukia kambi ileile. Ni haki kuidai tiba ipunguze maradhi, na si haki kuidai ilete jembe na shamba.

Kisa hiki kina mipaka yake mingine. Vipimo vilichukuliwa mara tu baada ya tiba kumalizika, na waliojibu maswali ni vijana wenyewe, ambao walijua vyema kama wamepata tiba au wamesubiri. Katika jaribio la watu wazima la kusini mwa Uganda wagonjwa walifuatiliwa tena baada ya miezi 6 na nafuu ilikuwa bado ipo, jambo linalotia moyo, ila mtu mzima wa kijijini Masaka na kijana wa kambini Gulu si mtu mmoja. Tena lisisahaulike kwamba haya ni mafanikio juu ya sonona. Kijana anayesikia sauti zisizokuwapo, anayeamini kwamba anawindwa na watu wasioonekana, au aliyefikia kupanga kujiua, hapaswi kuwekwa kikundini na kuachwa hapo kwa matumaini. Huyo apelekwe kwa wahudumu wa afya ya akili siku hiyohiyo, na mwezeshaji yeyote wa kikundi aanze kazi akiwa anajua jina la mtu atakayempigia simu na gari litakalotumika. Mwongozo wa tiba hii ya vikundi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016, ambao umeifupisha hadi vikao 8, nao umeliweka jambo hili wazi.

Ufupisho huo nauelewa, kwa maana vikao 8 vinaweza kuwafikia wengi mara mbili ya vikao 16. Kwa vijana, hata hivyo, nina wasiwasi nao, na wasiwasi wangu unatokana na sehemu ya mwisho ya tiba ambayo huzungumzwa kwa uchache. Kikundi kinapokaribia kufungwa, mwezeshaji hutangaza mapema kwamba zimebaki wiki chache, na kijana ambaye kila alichokipenda kilimtoka bila kuaga anapewa nafasi ya kuagana na watu akiwa anajua. Huulizwa mawazo yakirudi yatakuja na dalili gani kwanza, na nani aambiwe. Vijana waliofiwa hawawezi kuharakishwa hapo. Baadhi huanza kukosa vikao ili waondoke kabla hawajaachwa, na lazima mtu awafuate nyumbani.

Baada ya vipimo vya mwisho, ahadi ilitimizwa na wale waliosubiri wakapewa tiba ya kikundi. Agosti 2006 yalisainiwa makubaliano ya kusitisha mapigano, na katika miaka iliyofuata watu wakaanza kurudi vijijini na kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Wasichana wa vikundi vile leo ni wanawake waliopita miaka 30, na huenda wengi ni mama wa vijana walio katika umri uleule waliokuwa nao wao. Wavulana nao huenda ni baba. Ningependa kuona vikundi vya kwanza vya wavulana vitakavyoanzishwa upya huko Acholi vikiongozwa na wanaume hao, jioni, kando ya moto.